Punguza Tumbo

Gazetini aliitwa Badi, basi.
Nyumbani Kibokoni alikuwa ami Msellem,
mwenye kidole cheusi kwa wino
hata siku ya Idi.

Mimi nilikuwa miguu yake.
Saa mbili kasoro, karatasi haijakauka vyema,
naikimbiza Mwembe Tayari ndani ya bahasha ya kaki
nimkabidhi utingo wa basi la usiku:
"Usiikunje. Usiikalie. Waziri yumo humu."
Utingo akicheka, akimlaza waziri juu ya dashibodi,
naye akisafiri mpaka Nairobi bila nauli.

Asubuhi simu ya dukani inalia.
Mhariri: "Badi, punguza tumbo."
Ami hupunguza tumbo.
Kisha huongeza kiti.

Miaka thelathini na mmoja.
Mameya kadhaa, mawaziri siwahesabu,
suti zile zile zikibadilisha shingo.
Walimchukua mara moja tu, siku nne.
Aliporudi hakusimulia kitu,
ila mwezi mzima kila aliyemchora
alikuwa na mikono mfukoni.
Wasomaji wakasema, ah, fumbo hilo!
wakaliandikia barua, wakalifasiri.
Vidole vyake vilikuwa vimefura.

Sasa nimelivuta sanduku la bati uvunguni.
Gazeti lilitupa wino peke yake.
Huku kuna penseli ya buluu chini ya wino,
kuna rangi nyeupe iliyokauka kama chokaa
pale pua ilipotaka kuwa kubwa zaidi,
kuna alama ya kikombe cha kahawa
aliyoitilia miale, ikawa jua.
Na pembeni, katika kila mchoro,
yule mvuta mkokoteni wa maji,
mdogo kama ukucha,
mitungi yake imelala ubavu, mitupu.

Nikainua karatasi moja dirishani.
Nikainua ya pili. Ya kumi.
Chini ya wino, kwa penseli hafifu,
mitungi ilikuwa imesimama, imejaa mpaka shingoni.
Kila mara aliijaza kwanza.
Halafu akachukua raba.

Jana alikuja diwani mstaafu, na mkongojo,
anaitafuta "ile ya pua".
"Alinitoa vizuri yule bwana," akasema,
akaigusa pua ya karatasi, kisha ya nyama.
Sebuleni kwake zimo mbili tayari,
wageni huzipenda.
Wa mkokoteni hakumwona.
Akalipa taslimu, hata hakubishania bei.

Pesa nimewapelekea watu wa maji,
deni la miezi saba.
Leo alfajiri nimefungua bomba.
Limekohoa mara mbili.
Nimeutega mtungi.
Nimeketi.