Utenzi wa Kozi wa Limbani

Kalamu sikujaliwa,
nina chaki, imeliwa,
na karatasi ya dawa;
nandika kibarazani.

Ni mie Shaame Faki,
sindano yangu riziki,
jezi za Kozi sitaki
zishonwe na wa Mjini.

Mwezi wa tisa kufika
kitambaa nilisaka
cha kijani cha kuwaka,
nikakopa; bado deni.

Mgongoni pana namba
na kozi mbele atamba,
wakaja watu wa shamba
kuziona dirishani.

Mke wangu akasema,
"Ewe Shaame, tazama,
mwaka jana ulihama,
ukalala ukumbini."

Nikasema, "Raya wangu,
mwaka huu zamu yangu,
na kwa uwezo wa Mungu
kombe latua Limbani."

Mechi ya kwanza kuchezwa
tano moja tukatwezwa,
kipa wetu kapumbazwa
na jua la uwanjani.

Kocha akasema, "Pole,
ni nyasi bandia zile,
mpira waruka mbele,
haukai miguuni."

Nikayameza maneno,
nikarudia sindano:
jezi zilirudi tano
zimechanika begani.

Ya pili, sare; ya tatu,
penalti! Hii yetu!
Dadi, nahodha wa watu,
kaupaisha mbinguni.

Mpira ulipopaa
hata leo hujatua;
wengine wanadhania
waanikwa majamvini.

Watani wakatuita
vifaranga, si wa vita,
na kila tunapopita
"kwi kwi kwi" masikioni.

Nikaapa, nikasema,
"Mimi na Kozi nakoma,
Ijumaa nitalima
muhogo wangu shambani."

Ijumaa ikafika,
jembe begani, natoka,
miguu ikageuka
yenyewe, hadi Gombani.

Na jembe nikaingia,
polisi kanizuia:
"Mzee, wamlimia
nani humo uwanjani?"

Nikacheka, akacheka,
jembe pembeni kaweka.
Mvua kubwa ikashuka,
tukabaki jukwaani.

Tulikuwa watu sita
na mbuzi aliyepita,
ngoma maji imepata,
yalia "puu" tumboni.

Ndipo kijana mwembamba
wa akiba, hana namba
(uzi wangu uliyumba,
nane yake i njiani),

kapokea, kageuka,
mabeki wakaanguka,
shuti! Wavu ukacheka,
kipa bado magotini.

Nikaruka, nikalia,
polisi akarukia,
na mbuzi akatimua
mbio, mpaka golini.

Raha, dakika mbili tu:
wakarudisha wenzetu,
na beki, mtoto wetu,
kajifunga kisogoni.

Tumeshuka, tumeshuka.
Pointi saba kwa mwaka.
Watani wameshachoka,
hawacheki barazani.

Hilo ndilo la kuuma:
kejeli ina huruma,
kimya ndicho kinachoma
kama pasi kifuani.

Jana wameniletea
jezi zote kwa gunia:
"Fundi, fanya matambaa
ya kudeki ukumbini."

Raya akazifulia,
kambani akazitia,
jua likazipitia:
kijani bado kijani.

Nimeanza moja moja,
namba nane yaningoja,
nyuzi tatu kwa pamoja:
haitoki, aminini.

Raya kaja na kahawa,
kanitazama, kakawa:
"Na deni? Limelipiwa?"
Nikainama pindoni.

Sina jibu la kumpa,
sindano yapita hapa.
Mwezi wa tisa, naapa,
mtanikuta shambani.

Tatizo, jembe nakosa:
siku ile, kwa mikasa,
nilisahau kabisa,
lingali kule Gombani.