Sita Juu

Tumpale aliniletea saa ya Uswisi,
zawadi aliyopewa baba yake alipostaafu kiwanda cha chai,
uso umebabuka kama ukuta wa Mwanjelwa wakati wa masika.
"Mkanda wa dhahabu uache ulivyo," akasema.
"Niandikie saa zetu."

Nikaukwangua uso hadi shaba.
Nikapaka nyeupe, nikachoma, nikapaka,
mara saba, mpaka ukapatikana ule weupe
wa sakitu ya Kitulo kabla nyayo hazijaigusa.

Kisha brashi ya nywele tatu, pumzi nimeibana.
Kumi na mbili nikaiweka chini, jua linakochomoza.
Moja, pale saba ilipozoea kukaa.
Sita nikaipandisha juu kabisa, utosini.

Tatu ilinichezea mkononi: imetoka na kitumbo.
Sikuifuta.

Akrabu nikazirudisha. Zikaanza kutembea
bila kujua kilichobadilika.

Tumpale akaitazama, midomo ikihesabu kimya.
Nje ukungu ulikuwa umeumeza Loleza wote.
"Saa nne kasorobo," akasema,
na kwa mara ya kwanza saa ile
ikakubali.