Amri Ndogo

Mwanzo niliandika programu moja, jina lake ghala,
nikaipamba bendera kumi na saba
kama Barabara ya Uhuru wiki ya Madaraka.
Kistari i, ingiza. Kistari t, toa.
Kistari f, hapo ndipo nilipoteleza:
f ndogo ilifunga siku, F kubwa ilifuta.

Nduku wa stoo ya rangi, Enterprise Road,
hana ugomvi na herufi, ana ugomvi na haraka.
Jumanne, lori la Nakuru likipiga honi getini,
kidole chake kikaegemea pasipo,
na makopo mia nne ya rangi ya krimu
yakatoweka daftarini, yakabaki kwenye rafu.
Hakunitukana. Alipiga simu, akasema tu:
"Kwamboka, hiki chombo chako hakina vitenzi."

Nikakaa na neno hilo, ghorofa ya tatu, South B,
stima zikipotea na kurudi.
Hakina vitenzi.
Nami niliyefundishwa tangu darasa la nne
kwamba pik- peke yake si kitu, ni mzizi unaongoja:
pika, pikia, pikisha, pikika.

Basi nikaivunja. Ghala ikawa shina,
kila kazi tawi, na kila tawi bendera zake,
za kutoa zisijue habari za kuhesabu.
ghala ingiza
ghala toa
ghala hesabu
Na futa nikaipeleka mbali kabisa,
iulize mara mbili, idai jina kamili la bidhaa
kama askari wa geti asiyejali wewe ni mtoto wa nani.
Kila amri nikaiagiza ijieleze ikiombwa msaada:
mistari mitatu, si hotuba.

Ijumaa, saa mbili usiku, nikipekua kumbukumbu,
nikakuta mstari usio wa kazi:
ghala pumzika
Na programu, kwa adabu niliyoilea nayo, imemjibu:
Siijui amri "pumzika". Ulikusudia "punguza"?

Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha sikucheka.
Alikuwa bado stoo, saa mbili, Ijumaa.

Nikafungua faili jipya, nikamchipushia tawi lake.
Halifanyi kitu. Haligusi hata kopo moja.
Linangoja sekunde tatu, linarudisha sifuri,
na kwetu sisi sifuri maana yake
hakuna kilichoharibika.