Yule

Jina lake halikuenea kwenye bango:
Yuleidy Zambrano Mero, mtu wa Guayaquil.
Meneja wa hoteli, pale Ruwi, akalikata kwa kalamu:
"Yule. Yatosha."
Nami chini, penye mapipa ya sabuni, napiga pasi,
nilicheka peke yangu hata mvuke ukanibabua kidole.
Ningemweleza nani?

Huyu akawa Yule.

Aliimbia wateja tisa, wawili wamesinzia,
mmoja anagombana na simu yake.
Kisha hushuka kwangu, viatu mkononi,
akala mkate wa rakhali juu ya meza ya pasi
huku anajifunza Kiingereza.
R yake ilikuwa na miiba.
Akaisugua, usiku hata usiku,
mpaka ikalala kama kola ya shati.

Leo niko Seeb, dukani, nachagua vitunguu,
na spika ya darini inamtoa.
Mjukuu wangu Rayya anaujua wimbo wote,
anasema hata Tokyo wanaujua.
"Gauni lake la fedha nililibana mimi, hapa kwapani.
Pini yangu hajarudisha."
"Nani, bibi?"
"Yule."
"Yule yupi?"
"Yule!"
Akanitazama kama anayepima homa.

Halafu, katikati ya Kiingereza kilichonyooshwa,
neno moja la kwao likaponyoka,
r nzima, miiba yote.

Nikasimamisha kigari.
Watu nyuma wakasonya.

Huyu.