Futari ya Nani

Daftari langu lina safu mbili: Mji, Shamba.
Katikati nimepiga mstari kwa rula ya mti
iliyopinda kidogo, basi na mstari umepinda,
na kila mwezi upande mmoja huniambia
mpindo ule umewala wao.

Nyumba ya wazee iko Wete, nyuma ya ghala la karafuu.
Vitanda kumi na tisa, mtungi mmoja,
bati linalovuja juu ya kitanda cha sita.
Shehia za mjini hutoa fedha.
Za shamba hutoa walichonacho:
muhogo, kuni, nazi, na ahadi.
Mimi ndiye nigeuzaye nazi kuwa shilingi.
Nazi ikiwa Kangagani ina bei yake;
ikipanda gari la ng'ombe ina bei nyingine;
ikifika, sheha wa mjini huitikisa sikioni
kama mtu asikilizaye saa mbovu:
"Hii maji hamna. Andika nusu."

Bwana Rubea ana hoja, na hoja yake ina miguu:
"Wazee kumi na mmoja ni wenu.
Kila mwenye mzigo na aubebe."
Shaame Mata hakuinuka mkekani.
"Walikuja kwenu na migongo," alisema.
"Magunia bandarini nani aliyapandisha?
Muwa mmekula nyie, leo mwaturudishia makapi
na risiti juu yake."
Wote walicheka, hata Rubea.
Hakutoa hata senti.

Ndipo tukafika kwa Time binti Makame.
Kazaliwa Kangagani, kitovu chake kimezikwa huko;
miaka arubaini na moja kachambua karafuu mjini,
kucha zake hadi leo zina rangi ya vikonyo.
Mtoto hana. Nduguye wa mwisho kafia Mombasa.
Safu gani?
Walibishana tangu adhuhuri
hadi mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.
Wakaafikiana: Mji ulipe chakula chake cha mchana,
Shamba lilipe cha usiku.
Chai ya asubuhi hawakuitaja.
Chai niliinunua mimi, na sikuiandika.

Ikaenda hivyo miezi mitano, Ramadhani ikaandama.
Siku ya pili tu Rubea kanijia, kofia mkononi,
uso wa mtu aliyeokota:
"Karani, mchana hakuliwi. Mwezi huu hatudaiwi."
Na Shaame akaleta neno kutoka shamba:
futari ni ya magharibi, magharibi bado si usiku;
na daku ni karibu na alfajiri,
na alfajiri ni kesho,
na hesabu ya kesho haijafika.

Nikabeba daftari hadi kitanda cha sita.
Time amekaa, kopo mapajani, lapokea matone.
Nikamsomea mstari wake wote.
Alisikiliza kama asikilizaye habari za jirani.
"Kwa hiyo, mwanangu," akasema,
"nnafunga kwa gharama za mji,
nikifungua, nnafungua kwa gharama za nani?"
Akamwaga kopo dirishani, akalirudisha.
"Andika basi: Time hana mchana, hana usiku.
Ana magharibi tu."

Sikuandika. Nilikwenda jikoni.
Mwanakombo alikuwa juu ya mbuzi, akuna nazi,
hakuuliza ile ni nazi ya safu ipi.
Kulipoadhiniwa Time alianza kwa tende,
akaitafuna upande wa kushoto, penye meno mawili.

Mwisho wa mwezi hesabu imekosa nazi tisa
na fedha ya sukari.
Wamekuja wote, Mji na Shamba,
safari hii wamekaa mkeka mmoja, kunitaka maelezo.
Mahala pa nazi tisa nimeandika jina langu,
chini yake nilipozaliwa, Ole,
chini yake ninapolala, Wete.
Nikawauliza: na mimi, miaka kumi ijayo, mtanitia wapi?
Rubea alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
Shaame alisema mvua hii itaozesha muhogo.

Bati bado lavuja.
Hilo, wameafikiana, si la mji wala la shamba.