Hodi Mara Tatu

Saa tatu usiku, Kariobangi,
baridi ya Julai ya kuuma masikio.
Mashine ya kusaga iliyo chini ya chumba changu imenyamaza,
unga wake bado umetanda kwenye kibodi.
Lango la basari linafungwa saa sita kamili,
nami nina watoto mia tatu na kumi na wawili
ndani ya folda moja.

Kwa mkono, fomu moja ni dakika nne.
Nilipiga hesabu, kisha nikaacha kupiga hesabu,
nikaandika skripti: mistari sabini hivi,
isome jina kwenye jedwali, ichukue faili,
ibishe.

Kwani ombi ni nini kama si hodi?
Unasimama mlangoni pa seva usiyoiona,
unataja unakotoka na ulichobeba,
kisha unaacha mstari mmoja mtupu

ili mwenye nyumba ajue salamu zimekwisha
na habari inaanza.
Mara ya kwanza niliusahau mstari huo.
Mia nne, ikanijibu: sikuelewi.
Haki yake. Niliingia kwa watu nikizungumza
bila kuamkua.

Wala mizigo haichanganywi.
Kati ya jina na cheti, kati ya cheti na picha,
unachora mpaka: vistari, halafu herufi zisizo na maana,
zilizochaguliwa kwa sharti moja tu,
zisipatikane popote ndani ya vinavyotengwa.
Ningependa kujua ni nani katika Nairobi hii
aliwahi kuweka mpaka kwa uangalifu huo.

Vyeti vyenyewe vilipigwa picha kwa simu,
kimoja juu ya paja lenye leso,
kimoja kwenye kaunta ya kinyozi,
kingine kidole gumba cha mzazi kimeziba nusu ya muhuri.
Vizito mno. Mia nne kumi na tatu.
Nikavipunguza hadi pale jina linaposomeka
na karibu hakuna kingine.

Saa nne na robo: mia mbili.
Mchana, mia mbili ni noti ya kahawia,
ni sukuma na nyanya na nauli ya kurudi.
Usiku huu ni karibu, karibu, karibu.
Pita, Achola. Pita, Muthengi.
Halake, sogea ndani, nyuma yako kuna watu.

Mtandao unapokatika, nimeifunza adabu:
ibishe mara tatu,
itulie kidogo baina ya hodi na hodi,
isipojibiwa iondoke, iandike jina kwenye daftari,
irudi baadaye.
Ndivyo nilivyolelewa.

Saa tano na nusu likabaki jina moja.
Kageha, gredi ya saba.
Uga: jina la baba. Thamani: hakuna.
Mia nne ishirini na mbili. Sehemu hii ni ya lazima.

Nikamkumbuka mama yake alivyokuja ofisini na fomu ya karatasi.
Pale palipotakiwa jina alikuwa amechora mstari,
kalamu imekandamizwa hadi ikatoboa upande wa pili.

Nikaweka nukta. Ikakataa.
Nikaweka kistari. Ikakataa.
Tokeni ya stima ilikuwa imebaki uniti mbili;
bando, sikuthubutu kuangalia.
Hodi ya tatu nikaandika jina la aliyekuja:
Mbone.

Seva haimjui Mbone. Haijui kama ana ndevu.
Mia mbili, na nambari ya risiti.

Asubuhi nimeinakili nambari hiyo kwa kalamu,
nitampelekea pale anapochoma mihogo.
Skripti nimeihifadhi. Mwakani ataitumia karani mwingine,
huenda kijana mwerevu, mpenda kusahihisha.
Kwa hivyo kwenye mstari wa sitini na moja,
nyuma ya alama ambayo mashine ikiiona huruka,
nimemwachia neno:

Mbone ni mama. Jina ni sahihi.
Usiguse.