Saa Moja Inayobaki Njiani

Kazi yangu ni mizani. Uwanja wa Luano,
mkono wa kushoto ukiingia, chini ya feni isiyozunguka.
Watu huniuliza: Kinshasa ni mbali gani?
Nawajibu: saa mbili.
Wanarudi: saa mbili ya kuondoka
au saa mbili za njiani?
Zote, nasema, na mshale unatulia.

Kilomita ni elfu moja mia tano na kitu.
Hicho kitu sijapata kukiona kwenye tikiti.
Marehemu baba alikwenda kwa treni hadi Ilebo,
kisha akateremka na meli ya mtoni,
majuma matatu. Alipofika, hata ndevu zilikuwa abiria.
Siku hizi mtu anashuka kule
na bukari ya jana haijatulia tumboni.

Ila kuna jambo la saa.
Ndege ikiruka hapa saa mbili asubuhi
inatua Kinshasa saa tatu.
Abiria hucheka, wanadhani wamepewa bure.
Ni mkopo. Wakirudi wanaulipa
huko juu ya mawingu, bila risiti.
Mimi sijawahi kuruka. Sidaiwi.

Ndivyo nilivyodhani.

Mwezi wa kumi, joto likipasua udongo wa Katuba,
mama Numbi alikata roho
saa sita na dakika ishirini usiku.
Kwetu siku huanza jogoo akiwika,
lakini karatasi ya daktari haina jogoo:
iliandika tarehe kumi na nne.
Nikampigia Numbi simu. Kinshasa
bado ilikuwa kumi na tatu.
Mwanangu alikuwa amebakiwa na dakika arobaini
za siku ambayo mama yake aliimaliza akiwa hai.
“Baba,” akasema, “huku bado ni leo.”
Nikanyamaza.
Utamwambia nini mtu aliye jana?

Akaja. Akailipa ile saa, tukazika.

Juma lililofuata sanduku lake lilipanda mizani yangu:
sufuria ya mama yake, imebonyea ubavuni,
vitenge vitatu, mfuko wa viwavi wakavu,
na ule mwiko wa kusongea,
kauviringisha kwenye gazeti kama mtoto mchanga.
Kilo ishirini na saba.
Ruhusa ni ishirini na tatu.
Nyuma yake mtu mmoja alikohoa, kikohozi cha haraka zake.
Numbi hakunitazama. Alitazama feni.
Niliandika ishirini na tatu.

Tangu hapo silali kabla ya saa saba usiku.
Majirani wanadhani nalinda kuku.
Nakaa kibarazani, simu gotini,
nangoja na kule siku iishe.